Je, wajua kwa nini mshale wa mafuta wa Land Rover ya zamani hauruki hata barabara ikiwa mbovu?

Washa Land Rover Series III, zile zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, uangalie geji ya mafuta. Mshale unapanda taratibu. Toka nayo Kigoma kuelekea Kasulu, kwenye rasta mafuta yanapiga kuta za tenki na boya, kile kielea kinachoipa geji kipimo cha mafuta, linacheza, lakini mshale umetulia tuli.

Sababu ni kwamba unasukumwa na joto. Ndani ya geji kuna ukanda mwembamba wa metali mbili zilizoshikanishwa, umezungushiwa waya. Umeme ukipita, waya unapata moto, metali moja inatanuka kuliko nyingine, ukanda unapinda na kuusogeza mshale. Joto haliji wala kuondoka ghafla, ndiyo maana michezo ya boya haionekani. Geji ya joto la maji nayo iko hivyo hivyo.

Sasa, volti za gari hupanda na kushuka kadiri injini inavyozunguka, na geji ya namna hii ingepotoka kila mara. Kwa hiyo nyuma ya dashibodi kuna kikopo kidogo cha bati, stabilaiza. Ndani yake mna ukanda mwingine: ukipata moto unapinda na kukata umeme, ukipoa unaunga tena. Kata-unga hiyo huzipa geji wastani wa volti 10. Ufundi huu naupenda mno, maana geji ni nzito kiasi kwamba haiuhisi umeme unapokatika.

Udhaifu wake ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Kikopo kinapata ethi pale kinapobanwa kwenye bati, na kutu ikiingia hapo kinaacha kukata. Geji zinapata volti zote za gari, na mishale yote miwili, wa mafuta na wa joto, inapanda pamoja kupita kiasi. Mjomba wangu, mkazi wa Mwanga hapa Kigoma mjini, alinunua boya jipya la tenki kabla hatujaking'amua kikopo.

Tulikifungua, tukatoa vya ndani, tukaweka aisii, kijikifaa cha kielektroniki, ya miguu mitatu aina ya 7810 inayotoa volti 10 zilizotulia, ambayo fundi redio yeyote anaifahamu, na kapasita mbili. Kikarudi mahali pake. Uso wa dashibodi haukuguswa, na mshale bado unapanda taratibu kwa sababu geji ni ile ile. MV Liemba nayo, meli ya Ziwa Tanganyika iliyoshushwa majini 1915, ilitolewa injini za mvuke ikafungwa za dizeli miaka ya 1970, na hakuna anayeiita meli nyingine.

Angalia betri kwanza, lakini. Aisii hiyo inataka hasi iwe ndiyo ethi, na magari mengi ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yaliunga chanya kwenye bodi.

Spidomita ya kebo mimi ningeiacha kama ilivyo. Taa za kumulika geji badilisha ziwe za LED, uchague zenye mwanga wa njano, kwa kuwa nyeupe inayoelekea bluu inaharibu sura yote. Ila ile taa nyekundu ya chaji, kama gari lina alteneta, iachie balbu yake ya waya. Umeme unaopita ndani ya balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. LED hupitisha kidogo mno, na unaweza kufika Kasulu betri imekwisha.