Kusafisha maktaba ya viendeshi vya vihisi: maana yake

Kihisi cha joto kilichozamishwa kwenye kizimba cha samaki pale Dunga, Kisumu, hakijui nyuzi joto ni kitu gani. Hutoa biti tu, yaani sifuri na moja. Programu fupi inayojua kukiuliza na kugeuza biti hizo kuwa namba inayoeleweka ndiyo kiendeshi. Viendeshi vya vihisi mbalimbali vikikusanywa pamoja ili kila mtu asianze upya, hiyo ni maktaba.

Kuisafisha ni kupanga upya msimbo wa ndani, yaani maandishi ya programu, bila anayeitumia kubadilishiwa chochote: majina yaleyale, majibu yaleyale. Kuitunza ni kupana zaidi. Kunahusu kurekebisha hitilafu, kuongeza vifaa vipya na kuandika maelezo. Watu huchanganya hayo mawili, na hapo ndipo maktaba nyingi huharibikia.

Chukua DS18B20, kihisi cha joto kinachopendwa kwa kazi za majini kwa kuwa huuzwa pia kikiwa ndani ya mrija wa chuma usioingiza maji. Kikiwashwa, kabla hakijapima chochote, kumbukumbu yake huwa na nyuzi 85. Kwa usahihi wake wa juu zaidi, biti 12, kipimo kimoja huweza kuchukua hadi milisekunde 750. Kiendeshi chenye pupa kikisoma mapema, kitakutangazia 85, na hata jua la Januari halijapata kulichemsha ziwa kiasi hicho. Tena maktaba maarufu ya kihisi hiki kwa Arduino, zile bodi ndogo za kielektroniki, hurudisha -127 waya ukikatika. Programu inayoitumia maktaba ikiichukua kama joto la kweli, wastani wa siku umekwisha.

Basi tuondoe hiyo -127, turudishe ujumbe wa kosa? Ni jambo jema, lakini huko si kusafisha tena. Yuko mtu aliyeandika programu yake ikiitafuta -127 hiyohiyo. Ukiiondoa, umevunja mkataba, kwa hiyo badilisha tarakimu ya kwanza ya toleo, kutoka 1.4.2 hadi 2.0.0, na ueleze sababu.

Usafi wenyewe ni kazi isiyo na mbwembwe: kuzipa majina namba zilizotapakaa ovyo, kufuta msimbo ulionakiliwa mara tatu, na juu ya yote kutenganisha mazungumzo ya waya na hesabu. Mimi ningeanza na hilo la mwisho. Kihisi hiki hutoa namba ya biti 16 yenye alama ya chanya au hasi, na kila hatua ni 0.0625 ya nyuzi. Hesabu ikisahau alama, -10 husomeka 4086. Ziwani kosa hilo halitaonekana milele. Litaonekana siku mfanyabiashara wa samaki atakapokitia kihisi kwenye friza. Hesabu ikiwa peke yake, unaijaribu kwenye kompyuta bila kihisi wala waya: ipe 0x0191 (0x ni alama ya namba ya msingi wa 16), idai 25.0625, ipe 0xFF5E, idai -10.125. Thamani hizo zimo kwenye jedwali la mtengenezaji, na jaribio hilo liendeshwe kila msimbo unapoguswa, hata kama aliyeugusa anaapa kwamba amebadilisha maoni tu, yale maelezo ya msimbo ambayo kompyuta huyaruka.