Kubana kichujio hakuondoi mwiba wa mpaka

Wiki iliyopita kijana mwingine aliingia karakanani kwangu hapa Malindi na kisambazi alichokiunda mwenyewe. Kichujio cha kitanzi, yaani cha saketi inayoshikilia masafa yasihame, amekibadilisha mara tatu, hadi shaba ya bodi imeanza kubanduka. "Mzee, nimekibana mpaka kilohezi 15, mwiba hautoki!" Huyu ni wa tano kuniletea maneno hayo hayo, basi leo naandika. Mwiba ni ishara ndogo isiyotakiwa kando ya mawimbi yako, na kubana ni kupunguza upana wa kichujio.

Anataka kupanda QO-100, transponda ya wanaredio iliyo ndani ya Es'hail-2 ya Qatar, setilaiti iliyorushwa 2018 na kukaa nyuzi 25.9 mashariki. Kwetu dishi huinuliwa sana, likilalia magharibi. Sinthesaiza yake ya sehemu (saketi inayotengeneza masafa kwa kuzidisha rejeo kwa namba yenye kijisehemu) inatumia rejeo la megahezi 25 kutoka kwenye kristali, na oskileta, inayozalisha mawimbi yenyewe, inakwenda moja kwa moja kwenye masafa ya kupandisha, megahezi 2,400.05. Sasa gawa: unapata 96 na kijisehemu. Umesimama kilohezi 50 tu kutoka kwenye namba nzima, na huo ndio mpaka, kwa hiyo miiba inachomoza kilohezi 50 kila upande, mmoja ukiangukia 2,400.10, mahali mwenzako anapozungumza.

Watu husema: bana kichujio, mwiba utakufa. Hapo ndipo ninapochoka. Kitanzi huzuia nje ya upana wake kile kinachopitia kwenye pampu ya chaji, sehemu inayosukuma mkondo wa kuirekebisha oskileta. Lakini harmoniki ya 96 ya rejeo (25 mara 96, yaani megahezi 2,400) haina haja ya kupita huko. Inavuja kupitia laini ya umeme, kupitia graundi, hata hewani, na kuingia ndani ya oskileta yenyewe. Na makosa ya oskileta yaliyo ndani ya upana wa kitanzi, kitanzi ndicho kinachoyasahihisha. Ukikibana, umemfunga mikono mlinzi! Nimeuona mwiba wa namna hiyo ukipanda baada ya kubana. Isitoshe, kitanzi kinachelewa kufunga na kelele ya fezi ya oskileta (mtikisiko wa mawimbi yake) inabaki wazi. Hata ule mwiba unaotokana na pampu isiyo nyoofu (mkondo wake hauendi sawasawa na kosa) hautakuacha: sogeza redio hadi 2,400.01, nao utakufuata kwa kilohezi 10, ndani ya kichujio chako kilichobanwa.

Kabla ya kushika pasi ya kulehemu, sogeza masafa kilohezi 10. Mwiba ukibadili umbali wake kwa kilohezi 10, ni wa mpaka. Umbali usipobadilika, angalia kibadilishi cha volteji au rejeo lenyewe.

Dawa yake ni hesabu. 2,400 ni namba ya hatari: inagawika kwa 10, kwa 12, kwa 19.2, kwa 20, kwa 25 na kwa 40. Karibu kila kristali iliyo kwenye droo yangu inakupeleka mpakani. Kristali ya 26 haifanyi hivyo. 92 mara 26 ni 2,392, kwa hiyo mpaka uko megahezi 8.05 mbali, na hapo kichujio cha kawaida kinafanya kazi yake. Kuna mwiba mwingine hafifu, kwa kuwa kijisehemu kiko karibu na theluthi, kama megahezi 1.85 mbali, nao huchujwa pia. Tulibadilisha kristali, tukarudisha kichujio kwenye kilohezi 80, na kilohezi 50 kando ya mawimbi hapakuonekana kitu juu ya kelele.

Ditha (bahati nasibu kidogo inayoongezwa) kwenye sigma-delta, saketi inayobadili-badili kigawanyo ili kupata kijisehemu? Inavunja mifuatano inayojirudia, basi. Uvujaji haiugusi.

Mkondo mdogo wa kuvuja unaoongezwa makusudi kwenye pampu nautumia, maana unaitoa pampu kwenye eneo lake lililopinda. Lakini hapa sina uhakika kama vitabu vinavyojifanya kuwa nao. Bodi mbili za muundo mmoja, kwenye moja mwiba ulishuka kwa desibeli nyingi, ya pili haikubadilika hata kidogo, nami nimeongeza kelele bure. Siku hizi naanza na kifuniko cha chuma juu ya oskileta. Kwa chumvi ya hewa ya huku, vibanio vyake hushika kutu mapema, na kibanio chenye kutu ni graundi isiyokuwepo.