Alamisho ni nini, na kwa nini usiogope kuzifuta

Alamisho ni anwani ya ukurasa wa intaneti uliyoiweka kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia intaneti kama Chrome, ili usiitafute upya kila siku. Neno limetokana na alama, na wazo lenyewe ni la kitabuni: kile kipande cha karatasi au ukili ambacho mtoto wa madrasa pale Mikindani hukibana ndani ya juzuu ili kesho ajue alipoishia. Kitoe kipande hicho, juzuu haipungui hata herufi moja. Natamani kila mwenye simu alishike hilo, maana wengi wanaacha alamisho zirundikane kwa hofu tu.

Nafanya kazi steshenari hapa Mtwara mjini. Siku moja mwalimu mstaafu alikuja kuchapisha matokeo ya mjukuu wake, akanikuta nafuta alamisho za miaka iliyopita. Akashtuka. "Mwanangu, ukifuta hiyo si matokeo ya watoto yanapotea?" Nikamwambia, "Hapana, mwalimu. Matokeo yapo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Hapa nafuta njia ya mkato tu." Nikaifuta mbele yake, kisha nikautafuta ukurasa uleule na kuufungua. Akaweka miwani yake sawa, akasoma, akatulia.

Kwa sababu hiyohiyo, bando likiisha alamisho haikusaidii, na ukurasa ukiondolewa unaletewa ujumbe wa 404, yaani ukurasa haupatikani. Ukitaka kusoma ukiwa shambani kusiko na mtandao, pakua ukurasa wenyewe.

Tatizo kubwa ninaloliona ni majina. Ukigusa alama ya nyota inayohifadhi alamisho, kivinjari huchukua jina alilolitoa mwenye tovuti, kwa hiyo unakuta mistari kumi yote imeandikwa "Nyumbani" au "Karibu". Nani atathubutu kufuta asichokijua? Badili jina palepale unapoihifadhi: "Bei za mnada wa korosho", "Fomu ya mkopo wa chuo". Na ukiona nyota imeshajaa rangi, ukurasa huo unao tayari.

Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na O kwa pamoja, iwe Chrome au Firefox. Orodha nzima inafunguka, na juu kuna kisanduku cha kutafutia. Shikilia Ctrl huku ukibofya unazotaka kuziondoa, kisha bonyeza Delete. Umekosea? Ctrl na Z hapohapo, zinarudi. Kwenye Chrome ya simu ya Android, gusa vidoti vitatu, ingia Alamisho, bonyeza moja bila kuachia mpaka ichaguliwe, ongeza nyingine, gusa pipa.

Mimi nimeacha kupanga folda kwa mada, napanga kwa msimu. Oktoba korosho zikianza kuuzwa nafungua folda ya msimu huo, na kila kinachohusu minada na malipo ya wakulima kinaingia humo. Msimu ukiisha nafuta folda nzima kwa mara moja. Lakini ichungulie kwanza, kwa sababu folda huondoka na vyote vilivyomo. Ukiwa na wasiwasi, tumia chaguo la kutoa nakala lililopo hapohapo kwenye orodha. Utapata faili moja ya HTML ya kuweka kwenye flashi.

Kuna jambo moja linalowaumiza watu kweli, nalo ni usawazishaji. Ukiwa umeuwasha kwenye akaunti yako, alamisho za simu na za kompyuta ni zilezile, na inayofutwa huku inafutika na kule. Mtu anaweza kuingia kwa akaunti yake kwenye kompyuta ya dukani, akaondoka bila kutoka, na anayefuata akasafisha orodha akidhani ni ya duka. Kwa hiyo kabla mteja hajainuka kwenye kiti, tunamwomba atoke kwenye akaunti yake tukiwa tunaona.