Madoa meusi yasiyowasha: yasemwayo na ukweli kuhusu saratani kwa wenye VVU

"Doa lisilouma si kitu."
Hapa ndipo muda mwingi unapotea. Doa la Kaposi, saratani inayoonekana zaidi kwenye ngozi na mdomoni, kwa kawaida haliumi wala haliwashi. Vitabu huliita la zambarau, lakini kwenye ngozi nyeusi huonekana jeusi au la kahawia iliyokolea, na baadaye huinuka na kuwa gumu. Dawa ya fangasi hailigusi hata ukipaka mwaka mzima. Simama na kioo kwenye mwanga wa jua, fungua mdomo, tazama kaakaa na ufizi. Kisha kagua ncha ya pua, nyuma ya masikio, kinena na nyayo. Mguu ukivimba na kukakamaa, watu husema ni matende au mtu kakanyaga kitu alichotegwa. Kagua unyayo kwanza, huenda doa lenyewe liko huko.

"Kukata kinyama kunasambaza saratani."
Hapana, na imani hii inaua. Kinyama ni kipande kidogo cha kupima maabara. Cha ngozi kina upana wa milimita 4 hivi, na hukatwa kwa ganzi kwa dakika chache. Kinachoharibika ni kipimo, pale kinyama kinapohifadhiwa vibaya. Kiwekwe kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi kinyama) ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya kinyama, kwenye chupa ya mdomo mpana, na jina la kwenye chupa lilingane na la kwenye fomu. Kikitumbukizwa kwenye maji ya chumvi, kinaanza kuoza njiani kati ya Karatu na maabara ya KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, na mgonjwa atakatwa upya.

Tezi zilizovimba ndizo hutusumbua zaidi kwenye kipimo hiki. Limfoma (saratani ya tezi) na TB zote huleta homa, jasho la usiku na kukonda, kwa hiyo mtu huanzishiwa dawa za TB ambayo haijathibitishwa. Tezi ikizidi sentimita 2 na kuendelea kukua, asisubiri kumaliza dozi ya miezi 6. Seli za limfoma ya Burkitt huweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. Aombe tezi itolewe nzima pale inapowezekana, kwa sababu sindano nyembamba mara nyingi haitoshi kuonyesha ni limfoma ya aina gani.

"Mkanda wa jeshi na malengelenge ya sehemu za siri hugeuka saratani."
Havigeuki. Vyote huletwa na virusi vya familia moja, ya herpes, lakini vinavyohusika na saratani hizi ni vingine viwili vya familia hiyo: kirusi HHV-8, kilichogunduliwa mwaka 1994, huleta Kaposi, na kirusi Epstein-Barr huchangia limfoma. HHV-8 huenea zaidi kwa mate, na Afrika Mashariki wengi hukipata utotoni, kwa hiyo doa si ushahidi wa kumtuhumu mwenza. (Saratani ya mlango wa kizazi ni ya HPV, familia nyingine kabisa.)

"Kaposi ikitokea, ARV zimeshindwa, bora kuacha."
ARV ndizo dawa ya kwanza ya Kaposi. Madoa machache ya ngozi huweza kunywea kwa ARV peke yake. Ikienea mdomoni, mapafuni, au mguu ukivimba, huongezwa dawa za saratani kama paklitakseli. Baadhi huona madoa yakiongezeka wiki za mwanzo za ARV, kwa sababu kinga inaamka. Usiache vidonge, rudi CTC (kliniki ya VVU) haraka. Wapo walioacha ARV baada ya kunywa kikombe cha Loliondo, dawa ya mitishamba ya mchungaji mmoja, mwaka 2011. Kinga ikishuka, Kaposi hupata nafasi. Na hata aliyefubaza virusi anaweza kuipata, ingawa kwa uwezekano mdogo zaidi.

Unapoandikiwa prednisoloni kwa pumu au mzio, sema mapema kwamba una Kaposi, maana dawa hiyo huichochea. Ukikohoa damu au kubanwa pumzi, usingoje tarehe ya kliniki: nenda hospitali ya Mount Meru, Mawenzi au KCMC siku hiyohiyo.