Mpira wa kurusha: mimi mikono, mwenzangu miguu

Karibu kila mechi ninayochezesha kuna mtu atapiga kelele "refa, mpira umezunguka huo!" na anaamini kabisa kwamba sheria inakataza. Haikatazi. Sheria namba 15, ile ya mpira wa kurusha, haina neno hata moja kuhusu mpira kuzunguka, uzunguke kama pia ni sawa tu. Hata mimi nilipoanza kupuliza filimbi nilishawahi kumnyang'anya mchezaji mpira wa kurusha kwa sababu hiyohiyo, mwamuzi aliyenitangulia akaniita baada ya mechi akaniambia nionyeshe ulipoandikwa, nikatafuta wee nikakosa. Bado inaniuma, yule mchezaji alikuwa sahihi.

Sheria inataka hivi: pale mpira unapotoka mikononi, mrushaji awe amesimama anaangalia uwanja, sehemu ya kila mguu iwe imekanyaga mstari au ardhi ya nje ya mstari, arushe kwa mikono miwili kuanzia nyuma ya kichwa na kupitisha juu ya kichwa, na arushie pale mpira ulipotokea. Neno zito hapo ni PALE UNAPOTOKA MIKONONI. Alichofanya kabla ya hapo ni chake, akimbie, aruke, apige sarakasi. Kombe la Dunia 2018 Milad Mohammadi wa Iran dhidi ya Hispania alipiga sarakasi na mpira mkononi halafu akaghairi kurusha, watu wengi wakasema ile isingekubalika, lakini angemaliza miguu yote ikiwa chini na mikono iko vizuri mwamuzi asingekuwa na cha kupuliza.

Sasa shida ni kwamba tukio lenyewe ni la kufumba na kufumbua, macho ya mtu mmoja hayawezi kuwa juu kichwani na chini miguuni kwa wakati mmoja. Ndiyo maana upande wa mshika kibendera tunagawana, yeye anaangalia miguu mimi mikono. Kwenye mikono natafuta vitu viwili, kwanza mkono mmoja ndio unaosukuma na mwingine umewekwa tu kama pambo, pili mpira unaoanzia kwenye paji la uso bila kwenda nyuma. Mwenzangu yeye anasubiri mguu wa nyuma unyanyuke wote. Kuburuza mguu ruksa, kuunyanyua hapana. Na mchezaji aliyekanyaga mstari kwa kisigino huku vidole viko ndani ya uwanja yuko sawa kabisa, hii inawachanganya hata makocha.

Akikosea, mpira unaenda kwa timu pinzani na hapa hakuna advanteji, yaani kuacha mchezo uendelee kwa faida ya aliyekosewa, hata kama wapinzani wameudaka na wanakwenda kufunga tunarudi. Ila ukigusa chini nje kabla haujaingia uwanjani, timu ileile inarudia palepale, usichanganye hivyo viwili. Ukitinga moja kwa moja golini kwa mpinzani ni goli kiki, golini kwake mwenyewe ni kona. Kuotea hakuna mpira ukitoka moja kwa moja kwa mrushaji. Kipa akiudaka kwa mikono kutoka kwa mwenzake anayerusha ni adhabu isiyo ya moja kwa moja, ile ambayo huwezi kufunga bila mwingine kuugusa mpira, na mrushaji akiugusa mara ya pili kabla ya mtu mwingine vilevile.

Kazi kubwa lakini iko kabla ya kurusha. Beki anaokota mpira huku anatembea, mita moja, tatu, tano, akifika kumi anajifanya hajui. Wenzangu wengine wanamwacha, mimi siwezi, sababu timu ikiwa inatafuta goli dakika za mwisho hizo mita ni faida ya wizi. Namwonyesha kwa mkono mapema na sauti, "hapo, hapo simama", akiendelea na kurushia mbele huko nampa mpinzani. Hivyohivyo kwa mpinzani anayesogea kuruka ruka mbele ya mrushaji, anatakiwa akae mita 2 kutoka pale kwenye mstari, nikishamwambia akarudi tena kumsumbua ni kadi ya njano.

Na kabla hatujafika huko kuna swali la nani kaugusa mwisho. Nisipoona vizuri namtazama mwenzangu kwanza kabla sijanyoosha mkono, yeye anakishikilia kibendera chini upande ambao anaamini mpira unaenda, nikimwona tu najua na tunaonyesha upande mmoja.