Usaili wa visa ya familia: afisa wa ubalozi anatafuta nini

Usaili wa visa ya uhamiaji ya familia ni mahojiano ya ana kwa ana kati ya mwombaji na afisa wa ubalozi. Hufanyika mwishoni mwa safari ndefu ya makaratasi, ili afisa aamue mambo mawili: kama ndoa au undugu uliotajwa upo kweli, na kama sheria inamruhusu mwombaji kwenda kuishi moja kwa moja katika nchi ya ubalozi huo. Hapa naeleza visa ya Marekani, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa sana huku kwetu Mbeya.

Kabla ya yote, jueni hili: vizuizi vya kuingia Marekani vilivyoanza tarehe 1 Januari 2026 vinagusa pia visa za uhamiaji kwa Watanzania. Angalia tangazo la sasa la ubalozi kabla hujalipa ada yoyote, na usimwamini wakala anayekuambia ana njia ya pembeni.

Anayeanzisha maombi si wewe. Ni ndugu yako aliyeko Marekani, raia wa huko au mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, anayejaza fomu I-130, ya kumwombea ndugu. Ikikubaliwa, faili huenda Kituo cha Taifa cha Visa, kilichoko Marekani. Hapo hulipwa ada, dola 325 kwa kila mwombaji na dola 120 za hati ya udhamini, nawe unajaza fomu DS-260, ya maombi ya visa yenyewe. Ndugu yako kwa upande wake anathibitisha kwamba kipato chake hakipungui asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani. Mke au mume wa raia, mtoto wake wa chini ya miaka 21 asiye na ndoa, na mzazi wa raia aliyefikisha miaka 21, hawawekewi kikomo cha idadi kwa mwaka. Kaka na dada wa raia wametengewa visa 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, ndiyo maana wengine wamesubiri zaidi ya miaka 15.

Siku ya usaili unachukuliwa alama za vidole, unaapa kusema kweli, kisha unaulizwa. Mara nyingi ni dakika chache tu, kwa sababu afisa amekwisha kulisoma faili. Kiingereza hakipimwi. Ila mzigo wa kuthibitisha uko kwako mwombaji. Afisa hana wajibu wa kukutafutia ushahidi.

Ndoa ndiyo yenye maswali mengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani, ya msikitini au ya serikali, na watu wetu wengi wameoana hivyo: posa imepelekwa, mahari imepokelewa, wazee wameketi, basi. Mbele ya ukoo mmeoana kabisa. Ubalozini unatakiwa cheti cha ndoa, kwa hiyo ndoa ya kimila isajiliwe mapema, isije ikasajiliwa wiki mbili kabla ya safari. Wapo wanaotegemea kifungu cha 160 cha sheria hiyo, kinachowadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi. Kifungu hicho husaidia mahakamani mambo yakiharibika. Hakigeuki kuwa cheti. Na kwa mume mwenye wake zaidi ya mmoja, Marekani humtambua mke wa ndoa ya kwanza tu.

Baada ya cheti, afisa anataka kuona maisha. Picha zenye wazazi wa pande zote mbili zina uzito kuliko picha nyingi za maharusi peke yao. Rekodi za fedha alizokutumia mwenzako, meseji za miaka tofauti, tiketi alipokuja kukuona, vyote vinasaidia. Halafu maelezo yenu yafanane kwa sababu ni ya kweli, si kwa sababu mmeyakariri. Mume akiandika mlikutana Uyole na wewe ukasema Soweto, zote za hapa Mbeya, utaulizwa. Kama mlionana Soweto na mkazoeana Uyole, eleza hivyohivyo. Usichokikumbuka, sema hukikumbuki. Uongo kuhusu jambo la msingi unaweza kukufungia mlango maisha yako yote, na hilo linaniuma ninaposikia watu wanashauriwa kuficha mtoto wa nje au ndoa iliyovunjika, mambo ambayo yakisemwa wazi kwa kawaida hayamnyimi mtu visa.

Kwa mzazi na mtoto, tatizo huwa cheti cha kuzaliwa. Wengi wetu tulikipata ukubwani, tulipohitaji pasipoti au kazi, na cheti kilichosajiliwa miaka 30 baada ya mtu kuzaliwa huleta mashaka. Kiongezee nguvu kwa cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, au kumbukumbu za shule ya msingi. Vitabu vya ubatizo vya misheni za zamani, kama ile ya Wamoravian Rungwe iliyoanza 1891, vimewahifadhia watu tarehe ambazo serikali haikuziandika. Pale karatasi zinapokuwa dhaifu sana, ubalozi unaweza kupendekeza kipimo cha vinasaba, kwa gharama yenu.

Majina ya mikoa nayo huchanganya. Aliyezaliwa Vwawa cheti chake cha zamani kinasema Mbeya, wakati leo ni Songwe, mkoa ulioanzishwa 2016. Wa Makete ana Iringa badala ya Njombe, iliyoanza 2012. Hilo si kosa lako, lieleze kwa sentensi moja. Jina lako likitofautiana kati ya cheti cha shule na pasipoti, nenda na hati ya kiapo.

Uchunguzi wa afya hufanywa na daktari aliyeteuliwa na ubalozi. Cheti cha hospitali nyingine, hata iwe ya rufaa, hakikubaliki. Ikibidi makohozi yaoteshwe kutafuta kifua kikuu, majibu huchukua hadi wiki nane, kwa hiyo usikate tiketi mapema. Shamba nalo usiliuze, wala usiache kazi, kabla visa haijawa mkononi.

Ukipewa karatasi yenye namba 221(g), usilie. Kisheria ni kukataliwa, ila mara nyingi maana yake kuna hati iliyopungua au uchunguzi unaendelea, na una mwaka mmoja wa kuleta kilichoombwa. Ukikubaliwa, visa hudumu kwa kawaida hadi miezi sita. Na kama siku unayoingia Marekani ndoa yenu haijatimiza miaka miwili, kadi ya ukaazi utakayopewa ni ya masharti, ya miaka miwili tu: ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha, wewe na mwenzako mtaomba pamoja iondolewe masharti, na ushahidi wa maisha ya ndoa utahitajika tena.