Kupaua nyumba unayojijengea: kenchi, maungio na upepo

Anayejijengea nyumba huhesabu mbao na mabati kwa makini, kisha misumari akaikadiria kwa macho. Vyuma vya kufungia paa ukutani mara nyingi havimo hata kwenye orodha. Lakini ukichunguza paa lililoharibika, ni nadra kukuta mbao imevunjika katikati. Utakuta kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zimeachana kwenye maungio, au paa zima limeng'oka ukutani mbao zake zikiwa salama.

Kenchi ni pembetatu, na nguvu yake iko hapo. Mbao mbili za mteremko zikibebeshwa uzito, miguu yake hutaka kutanuka kwenda nje. Mbao ya chini, inayolala toka ukuta mmoja hadi wa pili, ndiyo inayoizuia. Kwa hiyo mbao hiyo inavutwa kama kamba. Ukiikata ili upate dari la juu zaidi, kuta ndizo zitakazosukumwa, na nyufa za mlalo zitaanza kujitokeza karibu na mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta. Kama haifiki na lazima iungwe, weka vipande viwili vya mbao, kimoja kila upande, vyenye urefu wa mita 1.2, ili sentimita 60 ziwe kulia kwa kiungo na 60 kushoto. Piga misumari isiyopungua 8 kila nusu. Viungo hivyo visikae mstari mmoja kwenye kenchi zote: geuza kenchi moja ielekee huku, inayofuata ielekee kule.

Kabla ya kukata mbao yoyote, panda ukutani na futi kamba upime toka kona hadi kona kwa mshazari. Nyumba ya mita 8 kwa 6 iliyonyooka inatoa mita 10 pande zote mbili. Tofauti ya sentimita 2 au 3 inaweza kufichwa kwenye upenu. Ikizidi hapo, mabati yatakwenda upogo na utaona ukingo wake ukipinda kama meno ya msumeno.

Kimo cha kenchi kinatokana na nusu ya upana. Kwa upana wa mita 6 na mteremko wa nyuzi 20, zidisha 3 kwa 0.364, upate mita 1.09 katikati. Nyuzi 15 zinatoa sentimita 80. Mbao ya mteremko wa nyuzi 20, ukiweka upenu wa sentimita 60, inahitaji mita 3.83, kwa hiyo mbao ya mita 4 inatosha bila kuungwa. Ni hesabu ya dakika tano, nayo huokoa vipande vingi vinavyobaki bila kazi.

Kenchi ya kwanza itengenezwe chini, mahali tambarare, ipimwe mpaka uridhike. Kisha iwe kielelezo cha nyingine zote. Kosa tunalolikuta sana ni kupimia ya tatu kwa ya pili na ya nne kwa ya tatu. Milimita 2 zikiongezeka kila mara, ya kumi na moja imeshapotea sentimita 2, na mgongo wa paa utapanda kama ngamia. Ile ya kwanza iwekee alama ya rangi, ipandishwe mwisho.

Kwenye kupiga misumari, mbao hupasuka misumari ikifuatana kwenye mstari mmoja wa nyuzi zake, au ikiwa karibu mno na ncha. Itawanye. Kugonga ncha ya msumari kidogo iwe butu husaidia, kwa kuwa msumari butu huponda nyuzi badala ya kuzitanua. Mbao ngumu itobolewe kwanza kwa keekee. Mbao mbichi ni balaa jingine: hupinda zikikauka, husinyaa, na msumari uliokuwa umebana unabaki unacheza.

Uzito wa kuezekea ndio unaoamua unene wa mbao na nafasi kati ya kenchi. Mabati hayafiki hata kilo 10 kwa mita ya mraba. Vigae vya udongo au vya saruji ni kilo 40 hadi 50. Paa la mita za mraba 120 likiezekwa vigae linabeba tani 5 hadi 6. Kenchi zilizokadiriwa kwa ajili ya mabati zisivishwe vigae baadaye bila mhandisi kuzipitia. Na tangi la lita 1,000 ni tani nzima likijaa. Lijengewe mnara wake.

Uwepesi wa bati una gharama yake wakati wa upepo. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, una mgandamizo wa karibu kilo 55 kwa kila mita ya mraba, na ukipita juu ya paa hulinyonya kwenda juu, hasa kwenye kona na penu. Uzito wa bati pamoja na mbao zake hauwezi kushindana na nguvu hiyo. Ndiyo maana mikanda ya chuma au nondo nyembamba hupandwa kwenye mkanda wa zege siku ya kumwaga, sehemu kila kenchi itakapokaa, kisha huzungushwa juu ya mbao na kupigiliwa pande zote mbili. Kuichomeka kwenye tofali la juu hakusaidii, maana tofali nalo litang'oka.

Kenchi zikisimama bila mbao za mshazari, moja ikiyumba hulaza zote. Kenchi ya kwanza kusimamishwa ishikizwe kwa mihimili imara kabla ya kuinua ya pili, na mshazari wa kudumu upigwe chini ya mbao za mteremko, toka mgongoni hadi ukutani, kwa takribani nyuzi 45. Papi, zile mbao za mlalo zinazopigiliwa bati, peke yake hazitoshi.

Kila unapokata mbao iliyotiwa dawa, paka dawa tena kwenye ncha, kwani ndani haifiki vizuri na mchwa huanzia hapo. Mabaki ya mbao za kijani yasiingie jikoni: nyingi zimetiwa dawa yenye aseniki, na moshi wake ni sumu.